Karatasi Ambayo Sikumpa Mama Mkwe

Ukienda kumpelekea mtu samansi, usimwulizie kwa majina yaliyo kwenye kitambulisho chake. Hilo nilifundishwa na makosa yangu mwenyewe. Kwetu hakuna anayemwita jirani kwa majina matatu. Ukisimama njia panda na kuyataja yote kwa mfululizo, hata mtoto anajua umetoka korti, na mtu unayemtafuta atakuwa amehamia Tanzania tangu mwaka juzi. Uliza, "Kwa yule mzee mwenye fahali mweusi ni wapi?" Utasindikizwa mpaka mlangoni.

Ninyi makarani wapya mlikuja nyumbani kwangu baada ya msiba, mkaniuliza Mheshimiwa alikuwa mtu wa namna gani. Nilisema alikuwa mtu mzuri, nikanyamaza. Mlikunywa chai mkaenda zenu. Si kwamba sikuwa na la kusema. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba tu, na maneno yangu huja polepole. Siku hiyo hayakuja kabisa. Sasa yamekuja kidogo, ndiyo maana naandika.

Nilimfanyia kazi Wakili Wilfred arap Siele miaka yote ya tisini na kidogo zaidi. Nilianza kama karani wa kupeleka hati za korti, nikawa karani wa ndani, na mwishowe nikawa karani wake alipokuwa mbunge. Wengine walimwita Mheshimiwa. Mimi nilimwita Wakili mpaka mwisho, kwa sababu ulimi ulikuwa umeshazoea.

Ofisi yetu ilikuwa Kericho mjini, orofa ya kwanza, juu ya duka la misumari na mabati. Tulikuwa watatu: Wakili, mimi, na Wanjiru, mpiga chapa, ambaye wazazi wake walitoka Murang'a zamani wakafungua duka la nguo hapo mjini. Wanjiru aliongea Kipsigis vizuri kuliko watoto wangu, na alinicheka kila siku kwa sababu ya mwandiko wangu.

"Baba Chebet, hii umeandika wewe ama kuku imekanyaga wino?"

"Ni mimi."

"Basi nitasoma na roho, macho yameshindwa."

Kuna mambo mengine ya kazi ambayo hamtayapata darasani. Fika asubuhi mapema, kabla umande haujakauka, kwa sababu umande ukikauka watu wanaingia shambani kuchuma, na ndani ya majani chai mtu akiinama humwoni. Saa tisa utawapata wote kwenye kituo cha kununulia majani wakingoja lori, lakini usimpe mtu samansi hapo. Akipewa barua ya korti mbele ya majirani, kikapu bado kiko mgongoni, hataisoma barua. Atasoma nyuso za watu. Halafu mvua. Kericho mvua hufika mchana kama mtu aliyeajiriwa. Tia karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko uwe ndani ya shati, na mwavuli usiuamini.

Na usiwe na haraka. Wakati mmoja nilifika boma moja Kapsoit, nikamkuta mwanamume amekaa nje akinoa panga la kupogolea chai. Nikamwulizia niliyemtaka. Akasema, kwa huzuni kabisa, kwamba huyo jamaa alikuwa rafiki yake lakini alishahama. Akanikaribisha chai. Tulizungumza juu ya bei ya maziwa na juu ya mawe ya mvua yaliyokuwa yameharibu majani wiki hiyo. Nilipokuwa kwenye kikombe cha pili, mke wake akamwita kutoka jikoni kwa jina lile lile lililokuwa kwenye karatasi yangu. Tukatazamana. Nilimaliza chai yangu kwanza, kwa sababu ilikuwa chai nzuri, kisha nikampa samansi. Aliipokea akacheka akasema, "Huyu mwanamke ndiye korti yenyewe."

Wakili naye alikuwa na makosa yake ya mwanzo. Alikuwa mtoto wa mchuma majani, amelelewa katika nyumba za laini, zile za wafanyakazi wa kampuni ya chai, na alisomeshwa kwa mchango wa kanisa. Aliporudi kutoka Nairobi akiwa wakili, kesi yake ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja aliyegombania njia ya ng'ombe. Wakili alisimama akaongea Kiingereza kirefu, kizuri, cha karibu saa nzima. Mzee akaniinamia akaninong'oneza, "Kijana, huyu anatutetea sisi au anawatetea wale?"

Nilimwambia Wakili maneno hayo jioni. Nilidhani atakasirika. Aliniita nikae, akanieleza kesi yote upya kwa Kipsigis, na kila mahali niliposhindwa kuelewa alipiga mstari kwenye karatasi zake. Tangu siku hiyo hakuingia kortini kabla hajanieleza mimi kwanza. Alisema kama Jeremia wa darasa la saba haelewi, basi hata hakimu anajifanya tu.

Na alikuwa na sheria moja juu ya hati ya kiapo, ile karatasi ambayo mpeleka samansi anaapa kwamba amemfikia mtu, lini na kwa namna gani. Alisema, "Jeremia, hakimu hakwenda Silibwet. Wewe ulikwenda. Kwa hiyo unamwazima macho yako." Ndivyo alivyoiona.

Sasa niwaambie nilivyomwazima hakimu macho ya uongo.

Ilikuwa wakati nchi inajiandaa kwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Wakili alikuwa ameamua kugombea ubunge. Kwetu siku hizo ukipita mchujo wa chama umepita uchaguzi, kwa hiyo mchujo ndio uliokuwa vita. Mtu aliyemsaidia kuliko wote alikuwa mfanyabiashara mmoja wa Kapsoit tuliyemwita Mzee Lori, naye alilipenda jina hilo. Alikuwa na malori matatu ya kubeba viazi, na aliahidi yote matatu yatabeba watu wa Wakili siku ya mchujo, kutoka Kapsoit mpaka Mulot. Picha ya Wakili ilikuwa tayari imebandikwa kwenye milango ya malori.

Mzee Lori huyo huyo alikuwa mteja wetu katika kesi. Alidai kwamba mtu mmoja wa Silibwet, kabla ya kufa, alimwuzia ekari mbili za majani chai. Mjane wa mtu huyo alikuwa bado anachuma kwenye hizo ekari. Mzee Lori alitaka korti imwamuru atoke. Wanjiru akapiga chapa samansi, korti ikaitia muhuri, mimi nikapewa nipeleke.

Nilisoma jina mara mbili. Alikuwa mdogo wake mama wa mke wangu, tumbo moja.

Vijana, lazima niwaeleze hapa, kwa sababu leo mnapiga picha mmewakumbatia mama wakwe zenu, wala siwalaumu. Wakati wetu, mama mkwe aliheshimiwa kwa umbali. Humpi mkono. Hukai naye meza moja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kando ndani ya majani chai mpaka mwenzake apite. Na dada yake mama mkwe ni mama mkwe vile vile. Jina lake sijawahi kulitaja kwa mdomo, na hapa silitaji.

Ningemwambia Wakili, "Hii mpe mtu mwingine." Ni maneno machache tu. Lakini nilikuwa nimeanza kusifiwa kwamba hakuna samansi inayonishinda, na niliona nikisema habari ya mama mkwe nitaonekana mtu wa kijijini. Basi nikapanda basi la Bomet.

Nilimkuta uani akisuuza mkebe wa maziwa. Nikasimama nje ya ua, nikakohoa. Alinijua kwa kikohozi. Akanipa mgongo, akavuta leso juu ya kichwa.

"Karibu, sandana," akamwambia ng'ombe. Sandana ndivyo tunavyomwita mkwe mwanamume.

"Asante. Kuna barua," nikauambia mlima.

"Iweke tu hapo."

Aliondoka akaingia jikoni. Nikaingia uani, nikaiweka karatasi juu ya mkebe uliofudikizwa, nikaigandamiza kwa jiwe, nikaondoka. Sikusema ni ya korti. Ningeanzia wapi kumwambia mama mkwe kwamba nimemletea shauri?

Kesho yake Wanjiru alikuwa anapiga chapa hati yangu ya kiapo.

"Ulimpa mkononi?"

"Ndiyo."

"Akatia sahihi?"

"Alikataa."

"Alikataa vipi?"

"Alikataa tu."

Wanjiru akanitazama juu ya miwani. "Baba Chebet, leo unaongea kama mtu ameficha kuku kwa koti."

Lakini alipiga chapa. Nikaenda ofisi ya jirani, kwa wakili aliyekuwa kamishna wa viapo, nikashika Biblia, nikaapa. Siku za kujibu zikapita bila mjane kufika. Wakili, akiwa na hati yangu mkononi, akaomba hukumu kwa sababu upande wa pili umeitwa na haukuja. Akapewa. Mzee Lori alikuja ofisini na mfuko mzima wa viazi kwa kila mmoja wetu.

Jumapili moja baada ya kanisa mke wangu alikuwa akimenya viazi hivyo hivyo.

"Umesikia ya mama mdogo?" akaniuliza. "Wamebandika karatasi mlangoni. Atoke shambani kufika Ijumaa. Na yeye anasema hajui kesi yoyote."

"Hajui?"

"Anasema iko barua ililetwa siku moja, mvua ikainyeshea ikawa uji. Alidhani ni ya mambo ya maziwa." Akakata kiazi. "Hiyo ya kwanza ilipelekwa na nani?"

"Na korti."

Akaweka kisu chini. "Korti iko na miguu?"

Nikainama nikaokota maganda. Yeye hakuuliza tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Jumatatu asubuhi nilimwambia Wakili. Wanjiru alikuwa hapo, sikumwomba atoke. Nilieleza kila kitu, ua, mkebe, jiwe.

"Ulimpa?" Wakili akauliza.

"Niliweka juu ya mkebe."

"Nimeuliza kama ulimpa."

"Hapana."

Akaenda dirishani. Chini barabarani lori moja la Mzee Lori lilikuwa limeegeshwa, na uso wake Wakili ulikuwa unamtazama kutoka kwenye mlango wa lori.

Wanjiru ndiye aliyeongea. "Wakili, mchujo ni Jumatatu ijayo. Hii maneno haiwezi kungoja siku nane? Ukishapita, unairudisha kortini pole pole. Hakuna mtu atajua."

Hakuwa mtu mbaya. Alisema jambo ambalo hata mimi nilikuwa nimelitamani usiku kucha.

"Mama yule anatolewa lini?" Wakili akauliza.

"Ijumaa," nikasema.

"Basi haiwezi kungoja." Akachukua simu akampigia Mzee Lori.

Mzee Lori alifika kabla ya chakula cha mchana. Hakukaa.

"Wakili, mimi nilikuandika unishindie kesi ama uninyang'anye?"

"Mzee, hatukushinda. Tulikimbia peke yetu. Yule mwingine hakuambiwa kuna mbio."

"Si hiyo ndiyo vizuri?"

"Kwa mbio ya kweli, hapana. Nimekuita nikuambie mimi mwenyewe kabla ya korti. Siwezi kuitumia hukumu hii, na siwezi kuendelea kuwa wakili wako kwa kesi hii."

"Malori yangu yana mafuta mpaka Mulot. Fikiria."

"Nimefikiria."

"Basi utaenda Mulot kwa miguu," Mzee Lori akasema, akatoka. Tulimsikia chini akimwambia dereva abandue picha. Hazikubanduka vizuri. Siku kadhaa lori hilo lilizunguka mjini na nusu ya uso wa Wakili.

Niliapa hati mpya, nikaeleza ukweli. Alhamisi tukaingia kortini. Mjane aliitwa kupitia kwa naibu wa chifu, naye akaja na leso yake ya kanisa, akakaa benchi la mbele bila wakili. Mzee Lori alikuwa amepata wakili mwingine, kijana mwenye sauti nzuri. Hakimu alikuwa mgeni kwetu, ametoka mbali, na alikuwa anasaidiwa na mkalimani.

Nikapandishwa kizimbani cha mashahidi.

"Wewe ni mkwe wa huyu mama?" wakili kijana akauliza.

"Ndiyo."

"Mara ya kwanza uliapa kwa Biblia?"

"Ndiyo."

"Na mara ya pili?"

"Ndiyo."

"Biblia ni ile ile?"

Watu wakacheka. Nami nikasema ndiyo, ni ile ile.

"Mheshimiwa Hakimu," akasema, "jambo hili ni rahisi. Mtu alifanya kazi yake vizuri, akaapa. Baadaye nyumbani wakamlilia, mke analia, shangazi wanalia. Sasa anabadilisha maneno ili kuokoa shamba la wakwe. Bwana Jeremia, korti imwamini Jeremia gani, wa kwanza au wa leo?"

"Wa leo," nikasema.

"Kwa nini?"

"Wa kwanza alikuwa analinda kazi yake. Wa leo anaipoteza."

Hakimu aliandika hilo, lakini niliona hakuamini bado. Kusema kweli, kama ningekuwa yeye hata mimi nisingeamini. Ndipo wakili kijana akafanya jambo la akili sana. Akaomba mjane aulizwe mwenyewe.

Mama alisimama pale benchini, akitazama sakafu. Mimi nilikuwa nimeshaketi, nikageuza uso wangu kwenye ukuta kama inavyopasa.

"Mama, huyu mkwe wako ni mwongo?"

"Mkwe wangu si mwongo."

"Yeye aliapa kwamba alikupa karatasi mkononi. Alikupa?"

Nilisikia mvua ikianza kwenye mabati.

"Kama sandana alisema alinipa," mama akasema polepole, "basi alinipa."

Watu wa nyuma walivuta pumzi. Kila mzee aliyekuwa mle ndani alielewa kwamba mama huyu amekataa kumwaibisha mkwe wake mbele ya watu, na kwamba ameliachilia shamba kwa sababu hiyo. Lakini mkalimani akayageuza maneno yale kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza yalikuwa ushahidi. Hakimu akaweka kalamu chini kama mtu aliyemaliza.

Wakili Siele akasimama.

"Mheshimiwa Hakimu, leo mimi si wakili wa mtu yeyote hapa. Nazungumza kama afisa wa korti hii, kwa sababu ni mimi niliyeileta ile hati ya kwanza. Naomba jambo moja tu. Karani wangu ana nakala ya samansi. Aamriwe kumpa mama huyu, mkononi, hapa mbele yako."

Wakili kijana akapinga. Hakimu akafikiri, akasema haoni ubaya wake. "Karani, mpe."

Nilichukua karatasi. Kutoka mahali nilipokuwa mpaka kwa mama ni hatua labda nane. Nilitembea tatu. Mama aliona miguu yangu inakuja, akashusha leso mpaka kidevuni, akageukia ukuta, akaanza kusogea pembeni hadi benchi likaisha. Nami nikasimama. Sikusimama kwa kupenda. Miguu ilikataa, kama ng'ombe anavyokataa daraja asilolijua.

"Mpe!" hakimu akasema.

"Siwezi, Mheshimiwa."

"Mama, geuka upokee."

Sauti ikatoka ndani ya leso, kwa ukuta. "Aiweke tu hapo."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja nyuma alivua kofia. Hakimu alitutazama, mimi nimesimama katikati na karatasi mkononi, mama amebanwa kwenye kona, kisha akamgeukia mkalimani.

"Wana shida gani hawa?"

"Ni mkwe wake, Mheshimiwa."

"Na wewe? Ungeweza kumpa mama mkwe wako?"

Mkalimani, mtu wa miaka mingi katika korti hiyo, akainamisha kichwa. "Hata mimi singeweza."

Hukumu ikafutwa kabla ya saa sita. Mama akaambiwa arudi nyumbani kwake, achume majani yake, na kesi itaanza upya, apate nafasi ya kujibu. Mimi nikaambiwa kwamba ningestahili kufungwa, na kwamba sitapeleka tena hati ya korti. Nilikubali. Wala msifikiri nilionewa. Ukiapa uongo kwa ajili ya aibu, bado umeapa uongo.

Jumatatu ilikuwa siku ya mchujo. Malori matatu yalibeba watu wa mpinzani. Wakili alikuwa na trekta ya binamu yake, na hiyo ilikwama kwenye matope karibu na Silibwet. Alishindwa, na alishindwa vibaya. Jumanne saa mbili asubuhi niliingia ofisini kukusanya vitu vyangu. Nilimkuta ameshafika, ametundika koti.

"Jeremia, ile faili ya njia ya ng'ombe iko wapi?"

"Kabati ya chini."

"Lete. Halafu utafute kijana wa kupeleka samansi, umfundishe. Umwambie pia ulivyokosea. Hilo ndilo somo la kwanza."

Hatukulizungumza tena. Ndivyo nilivyobaki karani wa ndani, na ndivyo kila mpeleka hati aliyepita pale alivyoisikia hadithi hii kabla hajapewa mfuko wa hati.

Kesi ya mjane ilisikizwa mwaka uliofuata. Kanisa lilimtafutia wakili. Ikaonekana hayo mauzo hayakuwahi kupelekwa mbele ya bodi ya ardhi, na bila kibali cha bodi mauzo ya shamba ni bure, basi shamba likabaki lake. Yeye hakusema neno kwangu, angewezaje? Lakini alimtuma mke wangu. "Mwambie sandana mimi sikudanganya korti. Nilikataa kumwaibisha, hiyo tu. Na siku nyingine akiwa na barua yangu, atume mtu."

Baada ya miaka mitano Wakili aligombea tena, akapita. Wengine husema alichaguliwa kwa sababu ya siku ile kortini. Sijui. Najua mpinzani wake alikuwa amegombana na makanisa mawili, na hilo lilisaidia.

Kazi ya ofisi ya mbunge ni kazi ya kusikiliza. Watu wanakuja Ijumaa na shida zao, na karani anaandika. Kosa la makarani wengi ni kuandika ahadi. Wakili alinikataza. Daftari lilikuwa na sehemu mbili: aliombwa nini, na alifanya nini. Kulikuwa na mto mmoja upande wa Mulot ambao watoto walivuka kwa mawe kwenda shule, na mvua ikinyesha hawavuki. Aliuliza swali Bungeni juu ya daraja. Akajibiwa kwamba jambo hilo linaangaliwa. Kabla ya baraza la kwanza huko, mtu mmoja wa chama alimwandikia hotuba nzuri sana iliyosema, "Daraja nimewaletea." Wakili akanipa niisome. Nilikata maneno mawili, nikaandika, "Daraja nimeliulizia."

Alisimama barazani akasoma hivyo hivyo. "Daraja nimeliulizia. Nimejibiwa linaangaliwa. Sijui nani analiangalia."

Mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye nyasi akapaza sauti, "Basi nenda ukaulize tena!"

Baraza lote likacheka, naye akacheka, akaenda akauliza tena. Aliuliza mara nne. Muhula ukaisha, wakamwondoa, wakamchagua mtu aliyeahidi daraja. Nami nilistaafu mwaka huo huo, nikarudi kwenye majani yangu.

Sasa niwaambie la mwisho, ambalo mlipokuja nyumbani sikuweza kulisema.

Wakili alipofariki, kamati ya mazishi ilinitumia mtu nilete tarehe na mambo ya kazi yake, ya kuandika wasifu wake. Niliyaleta. Walipomaliza, nikasomewa. Ulisema alijenga daraja la Mulot.

"Hakujenga," nikasema. "Lilijengwa baada yake."

"Mzee Jeremia," mwenyekiti wa kamati akasema kwa upole, "huyu ni marehemu. Tumpe heshima yake. Nani ataumia?"

Nilitaka kunyamaza. Mimi ni mtu wa kunyamaza, na alikuwa amesema neno heshima, neno lililowahi kunifunga mdomo. Lakini nilisema tena kwamba hakujenga. Mama mwenye nyumba, mjane wa Wakili, alikuwa ameketi pembeni na wanawake wa kanisa. Akaniita.

"Jeremia, alifanya nini hasa?"

"Aliliulizia mara nne, mama. Hakulipata."

"Andika hivyo."

"Watu watauliza, basi alifanya nini?" mwenyekiti akasema.

"Watauliza," mama akakubali. Kwa kuwa hakuna wa kamati aliyetaka kuisoma karatasi yangu, aliisoma mwenyewe siku ya mazishi, mbele ya wabunge na wazee na wachuma majani waliotoka shambani na vikapu vyao. Aliposoma, "Daraja la Mulot aliliulizia mara nne, hakulipata," wabunge wakatazamana, nikaogopa kwamba nimemwaibisha rafiki yangu kaburini.

Kisha mtu fulani nyuma kabisa, sikumwona, akasema kwa sauti ya kawaida kama mtu anayemtambua jirani njiani:

"Naam. Huyo ndiye yeye."